Kununua Friji, Jiko, Hita na Mashine ya Kufulia kwa Nyumba ya Kupangisha Dar es Salaam

Mwenye nyumba anayeweka vyombo katika nyumba ya kupangisha, iwe Sinza, Tabata, Mbezi Beach au Kigamboni, hununua vitu ambavyo hatavitumia yeye mwenyewe, na jambo hilo hubadilisha hesabu yote. Friji ya nyumbani kwake ikianza kunguruma, ataisikia usiku uleule na kesho yake atamwita fundi. Friji ya mpangaji itanguruma miezi miwili huku mpangaji akidhani ndivyo ilivyo, mpaka siku itakapozimika ikiwa na kitoweo cha wiki nzima ndani. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza dukani lisiwe bei ya chombo, bali kama kitatengenezeka hapahapa mjini, na fundi wa kawaida, kwa spea zinazopatikana, kabla mpangaji hajalala siku mbili bila friji. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata swali hilo.

Hatua ya kwanza: amua utakachoweka na utakachomwachia mpangaji

Mpangaji wa mwaka mzima na mgeni wa siku tatu hawahitaji vitu vilevile. Mpangaji wa mwaka huja na pasi yake, blenda yake na mara nyingi runinga yake, na hata asipokuwa navyo ni vyema avinunue mwenyewe, kwa kuwa vyombo hivi vidogo huharibika upesi, na ugomvi kuhusu nani aliyeunguza pasi hula muda mwingi kuliko thamani ya pasi yenyewe. Kwa nyumba ya aina hiyo ningeweka friji, jiko, hita ya maji bafuni na feni za darini, basi. Kiyoyozi kiwekwe chumba cha kulala tu, tena pale ambapo kodi ya nyumba inaweza kukibeba. Ama mgeni wa siku chache, yeye huja na begi la nguo, hivyo birika, pasi na vyombo vya kupikia ni sehemu ya kile anacholipia.

Hatua ya pili: kagua umeme na maji kabla ya kwenda dukani

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoua vyombo vingi vipya. Umeme wa TANESCO unaoingia majumbani ni wa volti 230 na herzi 50, lakini kinachofika kwenye soketi ya jikoni hutegemea umbali wa nyumba kutoka transfoma, idadi ya majirani na ubora wa nyaya za ndani. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, apime volti mara mbili: mchana, na tena saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha taa, pasi na viyoyozi. Volti zikishuka sana usiku, kompresa ya friji na ya kiyoyozi zitahangaika kuanza, zitapata joto na hatimaye zitaungua, hata kama zimetoka kiwandani juzi.

Fundi huyo akague pia ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Hita ya bafuni isiyo na ethi ni hatari ya kifo, na mwenye nyumba hana haki ya kuiweka familia ya mtu mwingine katika hatari hiyo ili kuokoa gharama ya fimbo ya shaba na mita chache za waya. Pamoja na ethi, aweke kwenye meinswichi breka inayokata umeme mara unapovuja, ile ya miliampia 30, kwa saketi za bafuni na jikoni.

Kisha aangalie unene wa nyaya. Hita ya bafuni inayopasha maji papo kwa papo, yenye wati 5,500, huvuta takribani ampia 24. Waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa na redio hauwezi kubeba mzigo huo. Hita kama hiyo huhitaji waya wake wa milimita za mraba 4 au zaidi, unaotoka moja kwa moja kwenye meinswichi na wenye breka yake. Ikiwa nyumba haina waya huo, gharama ya kuuvuta ni sehemu ya bei ya hita na ihesabiwe hivyo tangu mwanzo.

Suala la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, lina uzito wake pia. Daraja la wateja wa matumizi madogo lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na bei yake kwa uniti ni ndogo mno ikilinganishwa na ya daraja la kawaida. Wapangaji watatu wanaochangia mita moja, kila mmoja na friji yake, huvuka ukomo huo bila shida, na hapo ndipo ugomvi wa kuchangia umeme huanza. Kama unataka kuweka vyombo vizito, omba mita ya TANESCO kwa kila mpangaji, au angalau weka submita, yaani mita ndogo ya ndani inayopima matumizi ya kila mpangaji, kabla ya kununua chochote.

Upande wa maji, angalia mambo mawili. La kwanza ni msukumo. Kila mita moja ya kimo kati ya simtanki na bomba huleta msukumo wa baa 0.1, hivyo tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita tatu hutoa baa 0.3 hivi. Mashine nyingi za kufulia za otomatiki huhitaji msukumo unaoandikwa kwenye kitabu chake, na baadhi hazijazi maji vizuri kwa kiwango hicho. La pili ni chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa maeneo yaliyo karibu na bahari, hutoa maji ya chumvi ambayo hutoboa tangi la hita na kula valvu za mashine ya kufulia. Ukiyaonja maji na kukuta chumvi, kumbuka hilo tutakapofika kwenye hita.

Hatua ya tatu: hesabu bei kwa mwaka, si bei ya dukani

Tuchukue mfano. Friji ya shilingi 450,000 inayodumu miaka mitatu imekugharimu shilingi 150,000 kwa mwaka. Friji ya shilingi 760,000 inayodumu miaka minane imekugharimu shilingi 95,000 kwa mwaka, na imekuondolea usumbufu wa kubadilisha friji mara mbili mpangaji akiwa ndani. Ongeza kwenye bei ya kila chombo nauli ya kirikuu, malipo ya kufungiwa, kifaa cha kukilinda na umeme, na matengenezo madogo ya kila mwaka.

Ongeza pia umeme wenyewe, hata kama anayelipa LUKU ni mpangaji. Lebo ya friji huonyesha kilowati-saa zinazotumika kwa mwaka, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Kati ya friji inayotumia uniti 400 kwa mwaka na inayotumia 200 kuna tofauti ya uniti 200, ambazo kwa takribani shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 70,000. Mpangaji huiona tofauti hiyo kila anaponunua umeme, na akichoka atadai punguzo la kodi au atahama. Bidhaa zilizoandaliwa kwa soko la Kenya huwa na lebo ya nyota moja hadi tano. Kadiri nyota zinavyoongezeka ndivyo matumizi ya umeme yanavyopungua, na lebo hiyo inasaidia hata ukiikuta kwenye duka la huku.

Hatua ya nne: chagua friji

Friji ndicho chombo pekee kinachofanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kistahili muda mrefu zaidi kuliko vingine. Anza kwa kusoma kibati cha maelezo kilichopo ubavuni ndani ya friji au nyuma yake. Utaona herufi za daraja la hali ya hewa. N maana yake friji imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi joto 32, ST kisichozidi 38, na T kisichozidi 43. Jiko la nyumba ya Dar es Salaam mwezi wa Februari, sufuria ya maharage ikichemka, huvuka nyuzi 32 bila taabu. Friji nyingi zilizotumika zinazotoka Ulaya ni za daraja la N au SN, ambalo nalo halizidi nyuzi 32. Hapa kompresa yake hukosa mapumziko, hula umeme na huzeeka mapema. Tafuta T, au mfululizo unaofika T kama SN-T.

Kwenye kibati hichohicho imeandikwa gesi ya friji. R134a na R600a zinafahamika kwa mafundi wengi wa mjini, ila R600a huwaka moto, hivyo atakayeijaza awe fundi anayepima gesi kwa mizani na anayefungua madirisha kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea. Ukikuta R12, iache friji hiyo hapohapo. Gesi hiyo ni miongoni mwa zile zilizowekewa ukomo na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni.

Sasa uamuzi mkubwa: friji inayogandisha barafu kwenye kuta zake za ndani au isiyogandisha, ile inayoandikwa "no frost". Ile inayogandisha ina sehemu chache, yaani kompresa, thamostati, taa na mabomba, na karibu kila fundi wa mtaani anaimudu. Isiyogandisha ina feni, hita ya kuyeyusha barafu, vihisio na mara nyingi kadi ya umeme, yaani bodi ya saketi inayoiongoza, na kila kimoja kinaweza kufa peke yake. Kwa mpangaji wa muda mrefu mimi huegemea inayogandisha, kwa sharti moja linaloandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni: barafu isichokolewe kwa kisu. Ukuta wa sehemu ya kugandishia ni aluminiamu nyembamba ambayo ndani yake inapita gesi. Ncha ya kisu ikiitoboa, gesi huisha na ukarabati wake haudumu. Mpangaji azime friji, aache mlango wazi na aweke beseni chini. Kwa nyumba ya wageni wa siku chache, ambao hawatayeyusha barafu kamwe, lipia isiyogandisha.

Lita 120 hadi 200 zinatosha mtu mmoja, wenzi au familia ndogo. Pima mlango wa jiko kabla ya kununua, na acha nafasi ya kama sentimita kumi nyuma ya friji ili joto lipate kutoka.

Mwisho, usiifunge friji bila kifaa cha kuilinda, kile kinachochomekwa kati ya soketi na plagi. Kazi yake ni kukata umeme volti zikipanda au kushuka kupita kiasi, na kuchelewesha kuwaka kwa dakika chache umeme unaporudi. Ucheleweshaji huo una sababu: kompresa iliyozimika ghafla bado ina msukumo mkubwa wa gesi upande mmoja, na ikilazimishwa kuanza papo hapo huvuta umeme mwingi na kuungua. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya friji.

Hatua ya tano: chagua jiko

Jiko la gesi la plati mbili au tatu, la kuweka mezani na lenye uso wa chuma kisichoshika kutu, linafaa nyumba nyingi za kupangisha. Majiko ya uso wa kioo yanapendeza dukani, lakini sufuria nzito ya ugali inayosongwa kwa nguvu kila jioni si rafiki wa kioo. Hakikisha jiko lina kizuizi kinachofunga gesi moto unapozimwa na upepo au mchuzi uliofurika. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni na kusubiri cheche. Mtungi ukae mahali penye hewa, umesimama wima, na usiwekwe ndani ya kabati lililofungwa.

Mitungi ya kilo 6 na ya kilo 15 ndiyo inayozunguka zaidi majumbani, na valvu za kampuni zinatofautiana, kwa hiyo regyuleta inunuliwe kulingana na mtungi unaopatikana kwa wauzaji wa mtaa huo. Mpira wa gesi uwe na tarehe, ubanwe kwa klipu pande zote mbili, na ubadilishwe ukianza kukakamaa au kupasuka. Uvujaji upimwe kwa povu la sabuni, usipimwe kwa kiberiti.

Jiko lililotumika kutoka Ulaya linahitaji tahadhari ya pekee. Mengi yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, na matundu yake ya kutolea gesi ni makubwa kuliko yanayotakiwa kwa gesi ya mitungi. Ukiliona linatoa moto mrefu wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, basi matundu hayajabadilishwa. Kama muuzaji hana matundu ya gesi ya mitungi, usilinunue.

Hatua ya sita: hita, kiyoyozi na mashine ya kufulia

Hita ya papo kwa papo ni rahisi kuinunua na rahisi kuibadilisha, lakini inadai nyaya nene kama ilivyoelezwa. Hita ya tangi la lita 30 yenye wati 1,500 huvuta ampia zisizofika 7, na hupasha maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kwa takribani dakika hamsini. Inafaa nyumba ambayo nyaya zake ni za kawaida. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesi ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Penye maji ya chumvi fimbo hiyo huisha upesi, hivyo uliza dukani kama inauzwa peke yake, na uifungue kuikagua angalau mara moja kwa mwaka. Valvu ya usalama inayotoa msukumo isizibwe kwa sababu yoyote, hata ikidondosha maji.

Kwa kiyoyozi, ambacho nguvu yake ya kupoza hupimwa kwa BTU, BTU 9,000 zinatosha chumba cha kulala cha kawaida, na BTU 12,000 chumba kikubwa au kinachopigwa na jua la alasiri. Cha inveta, ambacho kompresa yake hubadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima, hutumia umeme kidogo zaidi, lakini uliza bei ya kadi yake kabla ya kulipa, kwa sababu ndiyo inayoungua umeme unapocheza, na kwa baadhi ya aina kadi hiyo haipatikani mjini kabisa. Karibu na bahari, mapezi ya aluminiamu ya sehemu ya nje huliwa na hewa ya chumvi. Chagua chenye mabomba ya shaba na mapezi yaliyopakwa kinga. Kiyoyozi kilichotumika chenye gesi ya R22 kisinunuliwe, maana nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha gesi hiyo ifikapo 2030.

Mashine ya kufulia ya matangi mawili, inayojazwa hata kwa ndoo, huvumilia mgao wa maji na msukumo mdogo. Ya otomatiki iwekwe pale tu ambapo maji yana msukumo wa kutosha na hayana chumvi.

Hatua ya saba: nunua kwa ushahidi

Kariakoo kuna bei nzuri na uchaguzi mpana; maduka ya wakala rasmi yana bei ya juu kidogo na karakana yake. Kwa friji na kiyoyozi mimi ningelipia tofauti hiyo. Kwa feni na jiko la mezani, Kariakoo inatosha. Popote utakapokwenda, linganisha namba ya chombo kwenye boksi, kwenye kibati na kwenye kadi ya waranti, zikitofautiana, ondoka. Tafuta alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na usikubali kuondoka bila risiti ya EFD yenye jina la chombo na namba yake, kwa kuwa bila risiti hiyo hutakuwa na la kuonyesha siku ya madai, iwe kwa muuzaji au kwa Tume ya Ushindani.

Soma waranti dukani, kabla ya kulipa. Mara nyingi ile miaka mingi inayotangazwa ni ya kompresa peke yake, huku sehemu nyingine zikipewa mwaka mmoja. Uliza waziwazi kama waranti inakubali chombo kilichowekwa nyumba ya kupangisha, kwa kuwa baadhi huhesabu matumizi hayo kuwa ya kibiashara na kuyakataa.

Vyombo vilivyotumika vinaweza kuwa ununuzi mzuri, hasa jiko na mashine ya kufulia, mradi vimejaribiwa mbele yako. Soma volti na herzi kwanza. Vya Japani ni vya volti 100 na vya Marekani ni vya volti 120, herzi 60. Transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi herzi, na mota iliyoundwa kwa herzi 60 huzunguka polepole na kupata joto kwenye herzi 50. Vya Saudi Arabia pia ni vya herzi 60, wakati vya Dubai vinafanana na umeme wetu. Friji iliyotumika iwashwe dukani si chini ya saa mbili. Gusa mabomba ya nyuma uone kama yana joto, angalia kama yana alama mpya za kuchomelea ambazo ni dalili kwamba gesi imewahi kuisha, na funga mlango juu ya kipande cha karatasi kila upande: karatasi ikichomoka bila kukamatwa, mpira wa mlango umechoka.

Ukiwa na nyumba zaidi ya moja, nunua modeli ileile kwa zote. Spea zitaingiliana, fundi ataizoea, na utaweza kuweka akiba thamostati moja, mpira mmoja wa mlango na vitufe viwili vya jiko kwa ajili ya nyumba zako zote.

Hatua ya nane: pokea, funga na jaribu

Friji isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, isubiri saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha, kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Baada ya kuiwasha, weka kikombe cha maji na kipimajoto ndani yake; kesho yake maji yawe chini ya nyuzi 5. Hita na kiyoyozi vifungwe na fundi anayetambuliwa na kampuni iliyokuuzia, maana waranti nyingi huvunjika kwa kufungwa na mtu mwingine.

Hatua ya tisa: viandike vyombo kwenye mkataba

Kila chombo kiandikwe kwa jina, modeli, namba na hali yake, pamoja na picha, na pande zote mbili zisaini. Mkataba ueleze kwamba uchakavu wa kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba, na kwamba uharibifu wa matumizi mabaya, kama friji iliyotobolewa kwa kisu, ni wa mpangaji. Ueleze pia kwamba mpangaji atoe taarifa mara anaposikia mlio mpya au kuona maji yakidondoka, na kwamba fundi atakuja ndani ya muda uliotajwa. Wapangaji wengi hunyamaza kwa kuogopa kubebeshwa gharama, na ukimya huo ndio unaogeuza thamostati ya bei ndogo kuwa kompresa iliyoungua. Namba ya simu ya fundi ibandikwe ubavuni mwa friji. Siku mpangaji anapohama, vyombo vikaguliwe akiwepo, friji ikiwa imewashwa tangu jana yake, na amana yake irudishwe palepale baada ya orodha kusainiwa kwa mara ya pili.